Kinachoingia kwenye tufaha kabla halijachumwa

Matufaha mawili ya mti mmoja hayalingani. Nililijua hilo kwa ulimi kabla sijalijua kwa vipimo. Mzee aliyenifundisha kazi ya bustani alikuwa akichuma tufaha moja kutoka kileleni, upande unaopigwa na jua kutwa, na jingine kutoka ndani ya mti, karibu na shina, mahali ambapo matawi yamesongamana na mwanga haufiki ila kwa kupenya. Anayakata, ananipa vipande, haniambii kipi ni kipi. "Onja, mwanangu, kisha uniambie lipi limekaa juani." Haikuwa kazi ngumu. Kipande cha tunda la juu kilikuwa na utamu uliochanganyika na ukali, na ganda lake liliacha ukakasi kidogo ulimini. Cha tunda la ndani kilijaa maji, na utamu wake ulikatika mara tu nilipomeza. Mti mmoja, udongo mmoja, mvua ileile, mbolea ileile.

Tangu wakati huo nimepogoa, nimepunguza matunda machanga, nimechuma na kupima matufaha katika bustani zaidi ya moja, na jambo lililonikaa moyoni kuliko yote ni kwamba lishe ya tufaha huingia polepole, kwa miezi, tangu maua yanapopukutika hadi siku ya kuchuma. Jina la aina lina sehemu yake, nami nitalifikia. Lakini ukubwa wa tunda, ambao ndio watu wengi huuangalia kwanza, hauelezi karibu chochote kuhusu kilichomo ndani. Mara nyingi hata hupotosha.

Jedwali za lishe zinasema kwamba gramu 100 za tufaha bichi, pamoja na ganda lake, zina maji takriban gramu 86, sukari takriban gramu 10, nyuzinyuzi gramu 2.4, potasiamu miligramu 107 na vitamini C chini kidogo ya miligramu 5. Ni takwimu za kuaminika, ila ni wastani, na wastani hauoti juu ya mti wowote. Nimeshika mkononi matufaha yaliyokuwa mbali nao pande zote mbili. Jambo jingine ambalo jedwali hizo huliacha ni kundi la kemikali ambalo kwangu ndilo hasa linalolipa tufaha heshima yake, yaani polifenoli. Mtu mzima anahitaji vitamini C miligramu 75 hadi 90 kwa siku, kwa hiyo tufaha si tunda la kutegemewa kwa vitamini hiyo. Nguvu yake iko kwenye nyuzinyuzi, ikiwemo pektini, na kwenye polifenoli: asidi ya klorojeni na epikatekini zilizomo kwenye nyama na ganda, prosianidini ambazo ni minyororo ya epikatekini, kisha kwesetini na antosianini ambazo kwa tufaha la kawaida zimejazana gandani.

Hapo kwenye ganda ndipo mwanga unapofanya kazi yake.

Ganda la tufaha hutengeneza kwesetini na antosianini kwa sababu linaangaziwa. Mionzi ya jua, hasa ile ya urujuanimno, inaweza kuharibu chembe hai za tunda, na kemikali hizi zinalikinga. Tunda lisilopata mwanga halina sababu ya kuzitengeneza kwa wingi, nalo halizitengenezi. Ushahidi ulio wazi zaidi niliouona kwa macho yangu ni wa matunda yaliyovalishwa mifuko ya karatasi yakiwa machanga ili yasiguswe na wadudu na ganda liwe laini. Ukiufungua mfuko karibu na mavuno unakuta tunda limepauka, jeupe karibu kama limekulia gizani, hata kama aina yenyewe ni nyekundu. Liache juani, na ndani ya siku chache linaanza kuiva wekundu. Rangi ile ni antosianini inayotengenezwa mbele yako. Bila mwanga ule isingekuwapo.

Mwaka 2000 watafiti nchini Uholanzi walichapisha vipimo vya aina mbili, Elstar na Jonagold, wakilinganisha matunda ya sehemu mbalimbali za mti na hata pande mbili za tunda moja. Upande uliotazama jua ulikuwa na antosianini na kwesetini nyingi kuliko upande wa kivuli, na matunda ya ncha za matawi yaliyashinda ya ndani ya mti. Lakini katekini, jamii ya epikatekini, na asidi ya klorojeni hazikubadilika sana kati ya juani na kivulini. Matokeo haya nayapenda kwa sababu yanazuia kutia chumvi. Mwanga haubadilishi kila kitu. Unabadilisha sana ganda, unaongeza vitamini C upande wa jua, unaongeza sukari kwa sababu majani yaliyo karibu na tunda yanafanya kazi zaidi, lakini polifenoli za nyama zinafuata zaidi aina ya mti na umri wa tunda. Kwa hiyo mtu anayemenya tufaha lake kisha akalitupa ganda ametupa sehemu kubwa ya kile ambacho jua lilikiongeza.

Nilipoelewa hilo, kupogoa kukawa kazi nyingine kabisa kwangu. Mwanzoni nilidhani tunakata matawi ili mti upendeze na ngazi ipate nafasi. Kumbe tunagawa mwanga. Mti mkubwa ulioachwa uote upendavyo unajifunika wenyewe: safu ya nje inanyonya karibu mwanga wote, na ukiingia ndani unakuta hali ya jioni mchana kweupe. Wataalamu wa bustani husema mahali palipo chini ya asilimia 30 ya mwanga kamili hapafai kwa matunda bora, kwa kuwa hata matumba ya maua ya mwaka unaofuata huwa dhaifu. Ndiyo sababu bustani nyingi za kisasa zimehamia kwenye miti mifupi iliyopandikizwa juu ya mizizi ya aina inayoudumaza mti, kama M9, ambayo iliainishwa na kupewa namba yake katika kituo cha utafiti cha East Malling nchini Uingereza. Wengi wanadhani sababu ni urahisi wa kuchuma tu. Urahisi upo, lakini mti mwembamba na mfupi hauna "ndani" ya kuficha matunda. Karibu kila tufaha linaonana na jua kwa sehemu fulani ya siku.

Katika bustani za miti mikubwa ya zamani tulikuwa tukipogoa pia wakati wa kiangazi, wiki kadhaa kabla ya mavuno, tukiondoa machipukizi marefu yaliyosimama wima na kuyatia kivuli matunda. Ni kazi inayochosha shingo. Hata hivyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ukirudi baada ya siku kumi unaona tofauti kwa macho. Baadhi ya wakulima hutandika nguo za kuakisi mwanga chini ya miti, na rangi ya matunda ya matawi ya chini huongezeka vivyo hivyo.

Kuna kiasi, lakini. Joto la ngozi ya tunda linapofika nyuzijoto 46 hadi 49 huku jua likilipiga, tunda huungua: doa la njano au la kahawia linatokea upande wa jua, na likifika takriban nyuzijoto 52 ngozi yenyewe inakufa. Mara nyingi matunda yanayoungua ni yale yaliyozoea kivuli na kufunuliwa ghafla siku ya joto kali. Tulijifunza kupogoa siku za mawingu, na kwa awamu.

Na hapa niseme jambo kuhusu wekundu, kwa sababu nimeona watu wengi wakidanganyika. Rangi nyekundu inaonyesha antosianini, basi. Haionyeshi sukari, haionyeshi ukomavu. Kwa miongo mingi wazalishaji wa miche wamekuwa wakichagua matawi ya Red Delicious na Gala yanayotoa matunda yanayowahi kuwa mekundu, hata pasipo mwanga mwingi, hata kabla tunda halijakomaa. Mimi hutazama rangi ya chini, ile iliyo nyuma ya wekundu, karibu na kikonyo na kwenye kitako cha tunda. Ikiwa bado ni kijani kibichi, tunda halijamaliza kazi yake. Ikiwa imegeuka kuelekea njano, wanga unageuka sukari.

Baada ya mwanga, linalofuata kwa uzito ni mzigo. Mtufaha uliochanua vizuri na kupata nyuki wa kutosha unaweza kufunga matunda mengi mno kuliko uwezo wake. Ukiuacha, utajaribu kuyalea yote. Matokeo yake ni matunda madogo, makali bila utamu, yenye rangi hafifu, na mwaka unaofuata mti unapumzika na karibu hauzai. Desturi ya bustani ni kubakisha tunda moja kwa majani 30 hadi 40. Ukisimama mbele ya mti uliojaa matunda machanga na kuambiwa uangushe zaidi ya nusu, mkono unasita. Wa kwangu ulisita. Yule mzee aliniambia, "Usihesabu unayoangusha. Hesabu majani ya yale yanayobaki." Ninayakumbuka maneno hayo kila msimu.

Sababu iko kwenye jinsi mti unavyolisha tunda. Majani ya mtufaha hayasafirishi chakula chao kwa namna ya sukari ya kawaida pekee. Sehemu kubwa husafiri kama sobitoli, kitu kitamu cha jamii ya sukari, na tunda likiipokea huigeuza kuwa fruktosi. Ndiyo maana fruktosi ndiyo sukari inayotawala ndani ya tufaha, na ndiyo maana tufaha zuri lina utamu mkali kuliko kiasi cha sukari yake. Kila tunda ni mdomo unaovuta kutoka kwa majani yaleyale. Midomo ikizidi, kila mmoja unapata kidogo. Wakati nao una maana kubwa: chembe hai za tunda hugawanyika katika wiki nne au tano za kwanza baada ya kuchanua, kisha kazi inayobaki ni kutanuka tu. Tunda lililopunguziwa wenzake mapema linajenga chembe nyingi, na ndani yake kunakuwa na vitu vingi zaidi visivyo maji. Ukipunguza kwa kuchelewa, yaliyobaki yanatanuka, lakini yanatanuka kwa maji.

Tulipokuwa tukipima juisi kwa kifaa kidogo cha mkononi, kile kinachosoma sukari kwa briksi (briksi moja ni takriban gramu moja ya sukari katika gramu 100 za juisi), tofauti ya briksi mbili au tatu kati ya mti uliolemewa na mti uliopunguzwa ilikuwa jambo la kawaida, aina ileile, siku ileile. Ni tofauti kubwa. Ni tofauti kati ya tufaha linaloliwa hadi kwenye kokwa na tufaha linaloachwa nusu.

Sasa niingie kwenye sehemu iliyonisumbua kwa muda mrefu kuielewa: kalisi (yaani kalsiamu) na naitrojeni.

Niliwahi kufanya kazi katika bustani ambayo mwenye shamba alitaka matunda makubwa. Miti ilikuwa michanga, yenye nguvu, nayo ikapewa naitrojeni kwa mkono mpana. Matufaha yalitoka makubwa ajabu, kila mtu akayasifu. Yakaingia chumba cha baridi yakiwa hayana dosari. Baada ya miezi michache tukayafungua tukakuta vidoa vya kahawia vilivyodidimia, vingi vikiwa upande wa kitako, na ukikata unaona chini ya kila doa kipande kidogo cha nyama kilichokauka kama sifongo, kichungu. Hakukuwa na mdudu wala ukungu. Ni ugonjwa wa upungufu wa kalisi, na aina kama Honeycrisp zinaupata kwa urahisi sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba udongo wenyewe haukukosa kalisi. Kalisi hupanda kutoka mizizini pamoja na maji, na maji huenda kule yanakopotea kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda linapata sehemu yake hasa wiki za mwanzo. Baadaye mishipa ya maji inayoingia kwenye tunda inapoteza uwezo wake, na tunda linaendelea kulishwa kwa mishipa ya sukari, ambayo hubeba potasiamu vizuri lakini kalisi kidogo sana. Basi tunda linapoendelea kutanuka, kalisi iliyokwisha kuingia inagawanywa kwenye mwili mkubwa zaidi. Naitrojeni ikizidi inachochea machipukizi mapya, nayo yanashindana na tunda kwa kalisi hiyohiyo. Potasiamu ikizidi nayo inaongeza shida. Na mti wenye matunda machache mno, yaliyovimba, uko hatarini kuliko wote. Kwa hiyo kupunguza matunda, ambako nimekusifu hapo juu, kuna mpaka wake.

Hata uchavushaji unaingia hapa. Tunda lenye mbegu chache, kwa kuwa nyuki hawakufanya kazi kutokana na mvua au baridi siku za maua, mara nyingi huwa limepinda upande mmoja na kalisi yake ni ndogo. Ukikata tufaha kwa upana utaona vyumba vitano vya mbegu katika umbo la nyota. Mimi huzihesabu mbegu zake kwa mazoea, na vyumba vitupu vinaniambia mengi kuhusu wiki moja ya zamani.

Dawa yake ni kunyunyizia kalisi kloridi moja kwa moja juu ya matunda, mara kadhaa kwa msimu, kwa sababu kalisi inayotua kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Lakini dawa bora ni kutoulazimisha mti ukue kwa pupa.

Je, mlaji anafaidi nini? Kalisi ya tufaha ni takriban miligramu 6 tu kwa gramu 100. Haijengi mfupa wa mtu. Faida yake ni kwamba kalisi huimarisha kuta za chembe hai za tunda, na tunda lenye kuta imara hupumua polepole, hukaa gumu, na hudumu na asidi yake kwa muda mrefu. Na naitrojeni ina upande wa pili ambao kwangu ni mzito zaidi: mti wenye naitrojeni nyingi hutengeneza majani na machipukizi, na matunda yake huwa na rangi hafifu na polifenoli chache gandani. Katika Elstar, Waholanzi walewale waliona uhusiano huo, naitrojeni nyingi kwenye tunda zikiandamana na antosianini chache. Yale matufaha makubwa yaliyosifiwa yalikuwa maskini kabla hata hayajaingia chumba cha baridi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma ninapoona tunda likipangiwa daraja kwa kipenyo chake.

Kuhusu usiku. Tunda hupumua usiku na mchana, na linapopumua linachoma asidi ya maliki, ile inayolipa tufaha ukali wake, pamoja na sukari kidogo. Usiku wa joto huchoma zaidi. Usiku wa baridi huokoa asidi, na vilevile huamsha utengenezaji wa antosianini. Joto kali huudumaza. Ndiyo maana matufaha ya nyanda za juu, penye mchana wa jua kali na usiku wa baridi, yana sifa ya rangi na ukali. Nimefanya kazi katika msimu mmoja ambao majuma ya mwisho kabla ya mavuno yalikuwa ya joto usiku kucha. Aina zilizokuwa nyekundu miaka yote zilibaki na michirizi ya waridi, na ladha ilikuwa bapa: tamu, lakini bapa.

Nchini Japani wamefuatilia jambo hili kwa muda mrefu kuliko bustani yoyote ninayoifahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia kumbukumbu za miaka 30 hadi 40 za aina za Fuji na Tsugaru. Asidi ilikuwa imeshuka, ugumu wa tunda umeshuka, na sukari imepanda kiasi, kadiri miti ilivyochanua mapema na joto la wakati wa kukomaa lilivyopanda. Tunda linalobeba jina la Fuji leo si tunda lilelile lililotolewa kwa wakulima mwaka 1962. Hakuna aliyebadilisha mti. Hewa ndiyo imebadilika.

Maji nitayataja kwa ufupi, kwa sababu kanuni yake ni rahisi. Kiu ya wastani kuelekea mavuno hupunguza ukubwa wa tunda na kuongeza sukari kwa kila gramu. Kiu kali inalidumaza tunda na kuuchosha mti. Mvua nyingi au umwagiliaji mwingi siku za mwisho huongeza uzito bila kuongeza kingine. Madini mengine ya udongo, kama zinki na chuma, yako kwa kiasi kidogo mno kwenye tufaha kiasi kwamba mabadiliko yake hayana uzito mkubwa kwa mlaji. Ni muhimu kwa afya ya mti wenyewe.

Watu huniuliza kama matufaha yaliyolimwa bila kemikali yana lishe zaidi. Jibu langu ni kwamba tazama kilichofanyika mtini kabla ya kutazama lebo. Bustani isiyotumia mbolea za viwandani kwa kawaida hutoa naitrojeni polepole, na hilo linaweza kuinua polifenoli. Tunda lililoshambuliwa kidogo na ukungu wa madoa nalo huongeza polifenoli kuzunguka jeraha, kwa kuwa ni sehemu ya kinga yake. Lakini bustani hiyohiyo ikiwa na miti iliyosongamana na isiyopunguzwa matunda, itatoa matufaha hafifu. Vipimo vilivyofanywa sehemu mbalimbali havikubaliani, na tofauti kati ya mwaka na mwaka, au kati ya aina na aina, mara nyingi huimeza tofauti ya namna ya kulima.

Nimesema nitalifikia suala la aina. Ni lazima, kwa sababu mkulima hawezi kuutoa mti kile usichobeba katika asili yake. Tufaha la kufugwa lilitokana hasa na tufaha mwitu la milima ya Tian Shan huko Asia ya Kati, Malus sieversii, na Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alipofika Almaty, Kazakhstan, mwaka 1929 alikuta misitu yake ikiuzunguka mji. Katika misitu hiyo kuna matunda machungu, matamu, makali, madogo, makubwa, hata yenye nyama nyekundu. Sisi tumechagua sehemu ndogo ya utajiri huo, tukiegemea utamu na weupe wa nyama isiyobadilika rangi upesi. Kubadilika rangi kunasababishwa na polifenoli zinapokutana na hewa na kimeng'enya cha tunda, kwa hiyo kila tulipochagua tunda lisilogeuka kahawia, mara nyingi tulikuwa tunachagua lenye polifenoli chache. Aina za kutengenezea mvinyo wa tufaha, zile chungu zenye ukakasi, zimebaki na nyingi zaidi. Calville Blanc d'Hiver ya Ufaransa imejulikana siku nyingi kwa vitamini C yake kuliko matufaha ya kawaida. Mti wa aina hafifu ulioangaziwa vizuri hauwezi kuufikia mti wa aina tajiri. Lakini mti wa aina tajiri uliofichwa kivulini na kulemewa matunda huupoteza utajiri wake mwingi, na nimeona hilo likitokea kwa miti ambayo ningetamani kila mtu aonje matunda yake yakiwa katika hali yake halisi.

Siku ya kuchuma ni ya mwisho katika yote haya, na kwa wengi ndiyo inayoharibu kazi ya miezi. Kipimo nilichozoea ni cha iodini: unakata tufaha katikati, unalipaka iodini, na mahali penye wanga panageuka buluu nyeusi. Tunda changa hugeuka jeusi lote. Linalokomaa huanza kuonyesha weupe kutoka kwenye kokwa kwenda nje. Likichumwa likiwa jeusi lote, wanga wake utageuka sukari ghalani, kweli, lakini kilichokuwa bado kuja kutoka kwa majani hakitakuja tena, na harufu yake haikamiliki. Likiachwa mpaka liwe jeupe lote, litakuwa tamu siku hiyo na halitadumu.

Ghalani, kwenye baridi na hewa iliyopunguzwa oksijeni, vitu havipotei kwa kasi moja. Vitamini C hushuka mwezi baada ya mwezi. Asidi nayo hupungua kadiri tunda linavyopumua. Lakini kwesetini na antosianini za ganda hudumu karibu kama zilivyoingia, na nyuzinyuzi hubaki. Kwa hiyo tufaha lililokaa ghalani miezi sita, kama lilikulia kwenye mwanga, juu ya mti usiolemewa, bado lina mengi ya kumpa anayelila pamoja na ganda lake, kuliko lile lililochumwa jana kutoka ndani ya mti uliosongamana.